Sura ya Tano: Dumu Moja Linatosha

Chukua kikombe cha maji safi, nyunyizia juu yake salfa kidogo ya ncha ya kijiko, ile ile ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho. Salfa haizami. Itatanda juu ya maji kama utando wa njano, na ukikipigapiga kikombe kwa kidole bado itaelea. Ongeza maji mpaka kikombe kifurike: itafuata maji yanayomwagika, lakini iliyobaki itaendelea kukaa juu, kavu kama ilivyotoka mfukoni. Sasa tia tone moja la sabuni ya maji. Utando utapasuka papo hapo, na unga utaanza kushuka chini kama mvua. Madaktari wa zamani walilijua jambo hili vizuri, kiasi kwamba walinyunyiza salfa juu ya mkojo wa mgonjwa ili kutambua kama umechanganyika na chumvi za nyongo, kwa kuwa nyongo nayo hulegeza uso wa maji kama sabuni ilegezavyo. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako unga huu hujaa hewani kila mwaka kuanzia mwezi Mei au Juni mikorosho inapokingwa na ubwiriunga, hakuna jaribio linaloeleza vizuri zaidi kwa nini gari hutoka chafu hata baada ya kumiminiwa maji ya nusu saa. Kilichokosekana kwenye kikombe kilikuwa tone la sabuni, na maji hayakuwahi kupungua.

Nia ya sura hii ni kutetea neno moja tu: gari dogo la familia, lililojaa vumbi la barabara ya kijijini Kiegei, linaweza kuoshwa likatakata kwa dumu moja la lita 20, na halitaharibika. Wengi hawataliamini. Mazoea yametufundisha kwamba usafi hupimwa kwa wingi wa maji yanayotiririka, na kwamba mwenye kuosha gari kwa ndoo ni maskini wa mpira wa maji. Mazoea hayo yamezaliwa mahali ambapo bomba halikatiki, yakaletwa huku pamoja na magari yenyewe bila mtu kuuliza kama yanafaa. Tuyaulize sasa, tena kwa ushahidi, maana jambo hili linagusa rangi ya gari, mfuko wa mwenye gari, na zaidi ya yote foleni ya madumu iliyopangwa kisimani tangu alfajiri.

Tuanze na uchafu wenyewe, kwa sababu asiyejua anachokiosha hawezi kujua akioshe kwa kitu gani. Vumbi la Nachingwea ni jekundu, na wekundu wake ni kutu: madini ya chuma yaliyooza kwa mvua na jua la miaka isiyohesabika. Ndani yake mna udongo mfinyanzi laini kama unga wa muhogo, na ndani ya huo mfinyanzi mna chembe za mchanga wa kwatzi. Mfinyanzi ndio unaoshika, kwatzi ndiyo inayokwaruza. Katika kipimo cha ugumu wa madini alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ina 10, kwatzi ina 7, na kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Kwa maneno mengine, chembe ya mchanga inaweza kuchora kioo. Laki angavu iliyopakwa juu ya rangi ya gari, ile inayolipa mng'ao, ni laini kuliko kioo kwa mbali sana, na unene wake ni maikroni 40 hadi 50 hivi, pungufu ya unywele wa kawaida. Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, moja ya mambo yaliyowashangaza kule Kongwa ni jinsi mchanga wenye kwatzi ulivyokula plau zao za chuma. Mradi ulifutwa Januari 1951. Kama mchanga wa nchi hii uliweza kula chuma cha plau, laki yenye unene usiofikia unywele haina ubavu wa kushindana nao.

Mradi huo ulituachia jambo jingine linalohusiana na mada yetu. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea kwa ajili ya karanga ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa, na katika mji wa Nachingwea limebaki jina la Stesheni bila treni. Tangu hapo kila kitu kinakuja na kuondoka kwa barabara: saruji, mafuta, wagonjwa, walimu waliohamishwa, na korosho zinazopelekwa kwenye maghala kusubiri mnada. Lami imefika sehemu kadhaa, lakini njia za kuingia vijijini, Kiegei ikiwemo, ni za udongo. Msimu wa korosho huangukia kiangazi, malori hupishana na bodaboda na Noah za abiria, na kila gari linalopita huliachia linalolifuata wingu la vumbi. Kwa hiyo gari chafu la huku lina uchafu wa namna yake: vumbi kavu lililotulia, salfa ya msimu, utomvu wa mti ambao liliegeshwa chini yake, na wadudu waliogonga boneti. Si uchafu wa mafuta ya viwandani, wala chumvi ya theluji kama ya Ulaya. Uchafu wa namna hii unataka kuloweshwa, kulegezwa na kuinuliwa. Kazi hizo tatu hazihitaji maji mengi.

Mwaka 1959 mkemia wa Kijerumani Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya sabuni ya Henkel, alieleza usafishaji kwa namna ambayo bado inafundishwa kwa watu wa hoteli, hospitali na dobi. Alisema kazi yoyote ya kusafisha husimama juu ya mambo manne: dawa, yaani sabuni, nguvu ya kusugua, joto, na muda. Ukipunguza kimoja, vingine sharti viongezwe ili kufidia. Mwanamke anayeloweka mashuka usiku kucha anafanya hesabu ya Sinner bila kumjua Sinner: ameongeza muda ili kesho mikono yake ipumzike. Angalia sasa kwamba wingi wa maji haumo katika yale manne. Maji ni chombo kinachoyaunganisha. Yanaibeba sabuni, yanapenya chini ya chembe, yanauondoa uchafu ulioachia. Lazima yawepo, lakini yakishalowesha uso wote, lita ya ziada inayopita juu yake hupita haraka mno hata isipate muda wa kufanya lolote. Mpira wa maji unaomiminwa mlangoni mwa gari unatoa nguvu kidogo, muda mfupi sana, na sabuni hakuna. Ndiyo maana baada ya maji mengi namna ile bado unapitisha kidole na kinarudi chekundu.

Anayetaka kuosha kwa maji machache basi anapaswa kuongeza muda, kutumia sabuni sahihi, na kuchagua kitambaa kizuri. Joto huku tunalo la bure. Dumu lililoachwa juani kutwa huwa vuguvugu jioni, na maji ya vuguvugu hulegeza utomvu na mizoga ya wadudu upesi kuliko ya baridi. Lakini gari lenyewe lisiwe la moto. Ukiosha bodi iliyochomwa na jua la saa nane, sabuni itakauka kabla hujaifuta, na madoa meupe yatabaki hapo. Gari liegeshwe kivulini, bodi ipoe mpaka kiganja kikitulia juu ya boneti kisione moto, ndipo kazi ianze.

Dumu lenyewe ligawanywe hivi. Lita tatu zitiwe kwenye chupa ya kupulizia ya mkono, au kopo lililotobolewa matundu madogo, pamoja na sabuni ya maji kiasi cha kofia ya chupa. Lita saba ziende kwenye ndoo ya kwanza na sabuni kidogo tena, lita sita kwenye ndoo ya pili bila kitu, na nne zibaki ndani ya dumu. Hapa neno la tahadhari kwa watu wa mikorosho: bomba la kupulizia lililowahi kubeba dawa ya magugu au ya wadudu lisiguswe kwa kazi hii, hata likisuuzwa mara tatu, kwa kuwa utakuwa unazipuliza dawa hizo usoni mwako na kwenye vishikio vya milango ambavyo watoto hushika. Chupa ndogo mpya inatosha. Kwa chupa hiyo lowesha paa, boneti na ubavu mmoja, kwa ukungu na si kwa mkondo, kisha usiguse kitu. Subiri dakika tano. Hiki ndicho kipande ambacho waoshaji wengi hukiruka, nacho ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote. Ukisimama karibu na mlango utaona vumbi likibadilika: kwanza linakuwa jekundu zaidi, halafu linaanza kujikusanya kuwa vijito vyembamba, na kila kijito kinachoshuka kinaacha nyuma yake mstari safi wa rangi. Hujasugua hata kidogo, na nusu ya uchafu tayari inatembea yenyewe kuelekea chini.

Ndipo kitambaa kiingie. Cha maikrofaiba ni bora kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba mno na huzimeza chembe ndani, zisibaki juu zikiburutwa. Kisipopatikana, fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika inafaa, ilimradi mishono minene na vifungo viondolewe. Kanga mpya haifai, bado ina wanga wa dukani. Kunja kitambaa mara mbili kiwe robo, na utakuwa na nyuso nane za kufanyia kazi. Kila uso upitishwe mara moja au mbili, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, kisha ugeuzwe uso mwingine. Nyuso zikiisha, kitambaa kisuuzwe kwenye ndoo ya pili kwanza, kikamuliwe, ndipo kirudi kwenye ndoo ya sabuni. Kikirudi moja kwa moja, baada ya milango miwili utakuwa unapaka mchanga. Anza juu: paa, vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango. Sehemu ya chini ya milango na bampa, ambako mchanga mzito umekaa, zije mwishoni, na matairi baada ya vyote, kwa kitambaa chao peke yao. Ukimaliza upande, pitisha kitambaa cha pili kilicholoweshwa kwa zile lita nne na kukamuliwa sana, kisha cha tatu kikavu. Kama sabuni iliwekwa kidogo, haihitaji kumwagiwa maji ili iondoke. Wengi hutumia maji mengi kusuuza kwa sababu tu walitia sabuni nyingi.

Kuhusu sabuni, ile ya unga ya kufulia iachwe kwa nguo. Imetengenezwa kuwa kali ili ing'oe jasho na mafuta kwenye kitambaa, na ukali huo huo huondoa nta inayoikinga rangi, raba za milango zikakauka na kupasuka. Shampuu ya magari ni nzuri zaidi. Isipopatikana, sabuni laini ya maji, tena kidogo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, hutoka kwa mafundi wa rangi. Wanasema maji machache hukwaruza: mkondo mwingi huibeba michanga ikaenda zake, kitambaa huiburuta. Hoja hii ina ukweli, na haipaswi kudharauliwa. Anayechukua kitambaa kikavu asubuhi na kulifuta gari lenye vumbi ili aende kazini anatenda kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa. Michoro ile ya duara inayoonekana kwenye magari meusi jua likiyapiga ni kazi ya mikono ya namna hiyo. Lakini tuangalie kwa makini kinachokwaruza ni kipi. Ni chembe kavu iliyobanwa kati ya kitambaa na laki, ikasukumwa. Ukiipa chembe hiyo maji yenye sabuni na muda wa kuachia, huteleza. Ukikipa kitambaa uso mpya kila mara, chembe haipati nafasi ya kurudi. Na mwenye mpira wa maji naye, baada ya kumimina kwake, huishika sponji akasugua gari zima kwa ndoo moja ya povu, mchanga wa milangoni ukipandishwa mpaka kwenye boneti. Maji yake mengi hayakumwokoa. Kinachoilinda rangi ni utaratibu, na utaratibu hauna kipimo cha lita.

Pingamizi la pili ni la masika. Gari lililokwama, lililochomolewa kwenye tope kwa kusukumwa na kijiji kizima, lina kilo za udongo chini ya madigadi, na hakuna ukungu wa chupa utakaoulegeza huo. Ni kweli, na hapa dumu moja halitoshi. Ila tope na maji huku huja pamoja. Kusini hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na tope ni la miezi hiyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita sita kwa nane ina paa la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja, huangusha juu yake lita 480. Hata robo yake ikipotea kwa kuruka na kuvuja, madumu 18 yanabaki kwa mwenye mfereji na pipa. Hayo yatumike kwenye chesisi, springi na madigadi, baada ya kulegeza mabonge kwa kipande cha mti, kamwe si kwa panga. Na yatumike kweli, usiyaonee huruma: tope lililoganda chini ya gari hushika unyevu, na unyevu uliofichwa hula bati mwaka mzima bila kuonekana. Ushauri wa sura hii ni wa kiangazi, wakati ambapo gari lina vumbi na kisima kina foleni.

Foleni hiyo ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa kubwa kuliko mng'ao wa gari. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha huduma vijijini: lita 25 za maji safi kwa mtu kwa siku, zipatikane ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hicho ni kiwango cha chini, na kiangazi kinapokolea yapo maeneo mengi ya nchi hii yanayokiona kwa mbali. Sasa weka mpira wa maji pembeni yake. Mpira wa kawaida wa nyumbani hutoa kama lita 15 kwa dakika. Dakika kumi za kuosha, ambazo si nyingi, ni lita 150. Hiyo ni siku nzima ya watu sita: kunywa, kupika, kuoga, kuosha vyombo. Kituo cha watu 250 kinapaswa kutoa lita 6,250 kwa siku. Magari kumi yakioshwa kwa mpira yanachukua 1,500, karibu robo. Dumu moja kwa kila gari yangekuwa 200. Hesabu hizi hazihitaji utafiti, penseli inatosha.

Huambiwa: lakini mimi ninalipia maji yangu. Mji wa Nachingwea unahudumiwa na MANAWASA, mamlaka ya maji ya Masasi na Nachingwea, na chanzo chake kikuu ni Mbwinji. Vijijini kazi hiyo iko chini ya RUWASA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Bili ikilipwa huisaidia mamlaka, hilo ni jema. Lakini fedha haiongezi maji ya chemchemi mwezi wa Oktoba. Bomba moja likifunguliwa kwa mkondo mrefu mtaa wa chini, mgandamizo unapungua mtaa wa juu, na anayekosa hakukosa kwa sababu alikuwa hana hela ya kulipa. Cape Town iliujifunza ukweli huu kwa uchungu. Februari 2018, mabwawa yalipokaribia kukauka, matajiri na maskini wote waliwekewa ukomo wa lita 50 kwa mtu kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya bomba ya manispaa kulikuwa marufuku. Watu wa mji wenye bahari pande mbili walijikuta wakisimama katika foleni za madumu ambazo mtu wa Kiegei amezizoea tangu utotoni. Yeye hakuhitaji marufuku ili ajue thamani ya ndoo.

Wapo watakaosema suluhisho ni mto: maji ya Mbwemkuru au Lukuledi si ya mtu, hayana bili wala foleni. Hoja hii ndiyo ninayoikataa kwa nguvu kuliko zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na gari linaloingizwa mtoni linaacha pale oili, grisi, vumbi la breki na povu la sabuni. Mito mingi ya ukanda huu kiangazi hukauka juu na kuhifadhi maji chini ya mchanga. Watu huufukua mchanga huo, wakasubiri shimo lijae polepole, wakachota kwa kata. Oili inayomwagika juu ya mchanga ule haiendi baharini, hushuka humo humo shimoni. Anayeosha gari mtoni anaosha ndani ya mtungi wa jirani.

Kuna pingamizi lililo karibu zaidi na moyo, la vijana wanaoishi kwa kuosha magari. Je, ndoo moja haiwanyang'anyi riziki? Wateja wao hawanunui maji, wananunua kazi ya mikono na muda wao. Anayeosha magari sita kwa siku kwa lita 150 kila moja anahitaji lita 900, ambazo ni madumu 45 ya kununua, au kuyabeba kwa baiskeli. Akiyaosha kwa lita 20 anahitaji madumu sita. Pesa iliyobaki ni yake, na siku bomba likikatika yeye hafungi kazi. Katika miji ya Ghuba, ambako maji mengi hutolewa baharini na kuchujwa chumvi kwa gharama kubwa, wapo waoshaji wanaozunguka kwenye maegesho na kikapu cha chupa na vitambaa, wakilisafisha gari pale pale lilipoegeshwa, sakafu isilowe. Dubai hutoza faini ya dirhamu 500 kwa gari chafu lililotelekezwa barabarani, na bado usafi huo unawezekana jangwani. Ufundi ndio unaolipwa. Kijana wa Nachingwea akiujua, anaweza kumfuata mteja ofisini au gulioni badala ya kukaa akisubiri chini ya simtanki.

Mwingine atauliza kwa nini tuhangaike, kesho barabara italichafua tena. Swali lina haki yake, na jibu langu ni kwamba gari zima halihitaji kuoshwa kila siku. Vioo, taa, vioo vya pembeni na namba za usajili ndivyo vya kila siku, na lita mbili zinavitosha. Dereva anayeelekea machweo nyuma ya lori la korosho akiwa na kioo chekundu ni hatari kwa kila mtembea kwa miguu. Bodi isubiri wiki. Ila kuna vitu visivyosubiri hata siku: kinyesi cha ndege, utomvu, na bibo lililopasukia boneti. Maji ya bibo kila mama wa Ruangwa anayafahamu, yakigusa nguo ndiyo kwaheri. Yakikaukia kwenye laki chini ya jua huacha kivuli kisichotoka. Tiba yake ni kitambaa kilicholowa kuwekwa juu ya doa dakika kumi kikiwa kimetulia, kisha kuinuliwa taratibu, bila kusugua. Kikombe kimoja cha maji hufanya kazi hiyo. Rejeta nayo isisahauliwe: vumbi na manyoya ya mbegu za nyasi huziba vijipenyo vyake, injini ikachemka njiani, na brashi laini pamoja na upepo wa pampu huisafisha bila tone.

Mwenye Fuso atahitaji madumu matatu au manne, na mwenye pikipiki nusu ya dumu, hilo linaeleweka. Maji machafu yanayobaki ndoani yamwagwe uani kutuliza vumbi, mbali na kisima na mbali na bustani ya mchicha, na vitambaa vifuliwe peke yao, visichanganywe na nguo za mtoto. Hata ukihesabu lita tano za kuvifulia, kazi nzima ni lita 25: mgawo wa mtu mmoja kwa siku moja, kwa mujibu wa ile sera ya mwaka 2002. Kwa mwenye mpira ni watu sita.

Salfa itapulizwa tena mwezi Mei, na baada yake malori. Kabla ya kufungua bomba, jaza dumu moja, ulitie juani, ungoje jioni. Madumu sita na nusu yaliyobaki kisimani yatabebwa na mtu mwingine kichwani, kwenda kupikia.